Kila magharibi mama anamuulizia baba, na baba tulishamzika

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 47, ni mke na mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam, na nina duka la steshenari jirani na shule. Nakuandikia kuhusu mama yangu mzazi. Kadi yake ya kliniki inasema ana miaka 76.

Kwetu ni Lushoto, ingawa mimi nilitoka kule nikiwa na miaka sita, baba alipopata kazi Tanga mjini. Alipostaafu, wazazi walirudi kijijini. Baba alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata nikamchukua mama akae nami. Alikuja mzima kabisa. Bei za sokoni alizijua kuliko mimi.

Kama miaka mitatu iliyopita mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Chumvi kwenye chai. Funguo ndani ya ndoo ya unga. Siku moja alitoka kwenda darasa la kina mama msikitini, njia anayoipita kila wiki, tukaja kumpata saa moja usiku kituo cha daladala. Amekaa na wapiga debe, wamemnunulia soda. Tulimpeleka zahanati, wakampima presha na malaria, tukaambiwa ni uzee tu. Siku hizi anasali adhuhuri, anakunja msala, baada ya dakika kumi anautandika tena. Fatiha anaisoma bila kukosea hata herufi moja, lakini hakumbuki kama amekula.

Kinachoniua ni magharibi. Giza likianza kuingia anasimama mlangoni na kuuliza: "Baba yenu hajarudi? Mvua itamkuta shambani. Na ng'ombe nani amemkatia majani?" Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba baba tulishamzika. Alikaa chini pale pale, akajifunga khanga kiunoni, akalia kilio cha siku ya msiba. Akauliza ameoshwa na nani. Akauliza kwa nini tulimficha. Majirani walikuja wakidhani tumefiwa. Kesho yake, saa ile ile, akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu nikashindwa, nikasema baba amekwenda Soni, atalala huko. Akatulia, akala, akalala. Tangu hapo kila jioni namsafirisha marehemu baba yangu: leo Soni, kesho Mombo, keshokutwa Korogwe. Kaka yangu mkubwa anasema ninachofanya ni dhambi, namdanganya mama kama mtoto mchanga na kumsingizia maiti.

Kiswahili chake nacho kinapukutika. Sasa anaongea Kisambaa karibu siku nzima, na mimi nasikia maneno mawili matatu tu. Wanangu ndiyo hawasikii kabisa. Ananiita kwa jina la dada yake, ambaye alikufa zamani. Mwezi uliopita nilirudi kutoka dukani nimelowa mvua chapachapa. Nikamwamkia, akaitika "marahaba", kisha akaniangalia akauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akavua khanga yake ya juu akanifuta kichwa, kama mtu anayemhurumia mtoto wa jirani. Nililia chooni.

Kuna jambo lingine ninaloona aibu kulisema. Mama alidai binti wa kazi amemwibia shilingi 80,000. Binti alilia, akaapa. Nikampa nauli akarudi kwao Singida. Wiki mbili baadaye nikakuta zile fedha zimekunjwa ndani ya foronya ya mama. Na juzi, alipoukojolea mkeka niliotoka kuuosha, nilimshika mkono kwa nguvu nikampigia kelele. Akanitazama kwa woga. Mama yangu, ananiogopa mimi.

Kaka amerudi kijijini baada ya kustaafu, na anataka mama arudi nyumbani, kwenye lugha yake na kaburi la mumewe. Mume wangu hajasema kitu kibaya, lakini ameanza kuchelewa kurudi. Mimi naogopa. Idd iliyopita tulikwenda na mama kijijini. Usiku wa pili alitoka peke yake, akakutwa saa tisa kwenye migomba ya jirani anamwita marehemu dada yake. Jirani hakusema neno. Ila asubuhi watoto wake hawakuja kula pilau kwetu.

Niendelee kumdanganya? Nimrudishe Lushoto? Na huyu ninayeishi naye, bado ni mama yangu?

Binti wa Lushoto, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza kuhusu uongo na kuhusu safari ya Lushoto, lakini kilichokutoa machozi chooni ni lile swali la mwisho, na ndilo nimelibeba muda wote ninapokuandikia.

Kwanza tuliondoe hilo neno "uzee". Mzee kusahau alikoweka miwani ni uzee. Mzee kupotea kwenye njia ya kila wiki, kisha lugha aliyoitumia miaka mingi ikaanza kumtoka, hiyo ni dalili ya maradhi ya ubongo, na yanatakiwa kupimwa. Madaktari huyaita demensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio aina inayoonekana zaidi, ingawa wengine huipata baada ya kiharusi au presha ya miaka mingi. Si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana hali hii. Wengi wao walikuwa wakiishi nayo bila yeyote kuwaambia ni nini.

Presha na malaria hazitoshi, mwanangu. Mpeleke hospitali kubwa yenye kliniki ya afya ya akili au ya mishipa ya fahamu. Hapo Dar mnayo Muhimbili. Omba waangalie upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, kaswende, VVU, na kama amewahi kuanguka akagonga kichwa. Yapo maradhi yanayofanana na demensia lakini yanatibika, na sonona ya mjane ni mojawapo. Beba dawa zote anazokunywa kwenye mfuko mmoja, hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, maana baadhi yake huwavuruga wazee akili. Usimwachishe dawa yoyote kabla ya kusikia kauli ya daktari. Wamtazame macho na masikio pia, kwa sababu mtu asiyesikia vizuri huonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo. Na siku ukiona amebadilika ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, usiseme "ndiyo kawaida yake". Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au homa nyingine, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nisikufiche: ikithibitika ni Alzheimer, dawa zilizopo hazirudishi ubongo ulikokuwa. Wapo watakaokuuzia chupa wakikuapia kwamba zinarudisha. Fedha hizo mlipe mtu wa kukupokea kazi.

Sasa magharibi. Umejiona mbele yako una njia mbili tu, ukweli au uongo, na kaka yako naye ameziona hizo hizo. Nakuomba tulitazame hilo swali lenyewe kwa karibu. Maradhi haya mara nyingi huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya zamani hudumu. Kwa mama yako, mazishi ya 2016 yamefutika, lakini ile nyumba aliyoingia akiwa mke kijana, mume yuko shambani na wingu limeshika mlimani, ipo. Kwa hiyo ulipomwambia baba amekufa, hukumkumbusha msiba. Ulimpa taarifa ya msiba kwa mara ya kwanza, na kesho yake ukampa tena.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wagonjwa hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni ilibaki nao, na furaha vilevile. Nimelifikiria sana jambo hilo niliposoma kuhusu kile kilio. Inawezekana mama yako alisahau habari akabaki na uchungu, hajui umetoka wapi. Nadhani kaka yako hajaliona hilo kwa sababu hajawahi kusimama kwenye mlango ule saa ile.

Lakini nawe, hizo safari za Soni na Korogwe zina gharama. Zinamtuliza, hilo ni kweli. Ila anaweza kukesha akimsubiri. Ndugu mwingine akija akatoa jibu tofauti, mama atabaki katikati. Na ipo siku akili itamfunguka kidogo akukamate, maana siku kama hizo zipo. Kisha kuna wewe mwenyewe, unayelala na mzigo wa jina la baba yako. Upande wa dini muulize sheikh mnayemwamini, umweleze yote pamoja na kile kilio, siyo lile neno "uongo" peke yake. Muulize pia kuhusu ule msala unaotandikwa mara mbili, kwa sababu dini yenu haijamsahau mtu aliyepungukiwa na fahamu.

Wauguzi wa wazee wengi hutumia njia iliyo katikati: kuijibu hamu iliyo chini ya swali. Mama anaposema baba hajarudi, huenda anasema ana hofu, giza linaingia na mtu wake hayupo. Unaweza kumwambia, "Unamkumbuka baba, mama. Niambie, alikuwa anarudi na nini kutoka shambani?" Maneno hayo hayana uongo ndani yake, wala msiba. Mkalishe, mshike mkono, muulizie yule ng'ombe. Alikuwa na jina gani? Nani alimkamua? Jioni nyingine haitafanya kazi, nakwambia mapema usije ukadhani umekosea. Atang'ang'ania jibu. Na siku akikutazama machoni akauliza kwa utulivu, "Baba yenu amekufa, sivyo?", hapo nadhani amekuuliza kweli, na anastahili kuambiwa taratibu, mkiwa mmekaa karibu.

Saa ile ya magharibi huwavuruga wengi wenye hali hii. Uchovu wa siku na vivuli huchangia. Jaribu kuwasha taa kabla jua halijazama. Angalia kama ana njaa, ana haja, au ana maumivu asiyoweza kuyataja. Mpe kazi ya mikono. Mpe ungo na mchele apete, hata kama ni mchele ule ule wa jana. Mikono hukumbuka, kama ulimi wake unavyoikumbuka Fatiha.

Kuhusu Kisambaa, umeandika kama unahesabu hasara tu, na naielewa hasara yako: mama anakwenda mahali ambapo huna lugha ya kumfuata. Lugha aliyojifunza mtu ukubwani mara nyingi hulegea mapema, ya utotoni ikabaki. Lakini hebu fikiria kumpigia kaka yako simu kila magharibi, sauti ya juu, aongee na mama Kisambaa kwa robo saa. Na wewe jifunze kutoka kwake maneno ishirini: maji, njaa, maumivu, choo, usiogope, niko hapa. Waandikie na wanao karatasini, mbandike kwenye friji. Mkizungumza naye kwa lugha yoyote, njoo mbele yake, kaa chini macho yalingane, sentensi fupi, swali moja, kisha usubiri. Subiri zaidi ya unavyodhani inatosha. Usimpe mtihani wa "unanijua mimi nani?" Jitambulishe tu: "Shikamoo mama, ni mimi binti yako, nimerudi."

Kuhusu yule binti wa Singida, nina neno. Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake, alimwona mgonjwa wake wa kwanza maarufu huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, na miongoni mwa dalili za mwanzo za mama yule ni kumshuku mumewe. Tangu siku hizo shuku imo ndani ya ugonjwa. Mtu anaficha fedha, anasahau kwamba alificha, na akili inatafuta maelezo. Maelezo ya karibu ni mwizi. Mama hakumsingizia kwa ubaya. Lakini yule binti ameondoka na jina la mwizi. Mpigie. Mwambie fedha zilionekana, umwombe radhi, na kama kuna mshahara wake ulibaki, umtumie. Anayefuata, mweleze haya kabla hajaanza kazi.

Haya, Lushoto. Kaka yako ana hoja. Lugha ipo kule, hewa aliyoizoea ipo, watu wanaomwita kwa jina la ubini wake wapo. Ila nina wasiwasi na neno "nyumbani". Mama anayemtafuta mume wake kijana na dada yake aliyekufa, je, atawakuta akifika? Wengi wenye demensia huomba kurudi nyumbani wakiwa wamekaa kwenye nyumba zao wenyewe. Kuhamishwa pia huwazidishia kuchanganyikiwa, angalau kwa wiki za mwanzo. Yapo na maswali ya kawaida kabisa: miteremko ile, jiko la kuni, umbali wa hospitali. Nani ataamka naye saa tisa usiku? Katika barua yako kaka ametaka, mume wako amenyamaza, na wifi yako, ambaye nadhani ndiye atakayemwogesha, sijaona kama ameulizwa.

Halafu kuna wale watoto ambao hawakuja kula pilau. Hofu yako si ya kijinga. Nchi hii imeua vikongwe, hasa kanda ya ziwa, wakishukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoungua moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Bibi anayetembea usiku akiita wafu, kwa jirani asiyejua ugonjwa, ana maelezo mengine. Akienda, hata kwa wiki mbili, kaka yako amtangulie kwa imamu, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa jirani yule, aseme wazi kabla hajafika: mama anaumwa ubongo, mkimwona usiku tuiteni. Karatasi ya daktari itasaidia. Mfungieni komeo la juu ambalo macho yake hayalifikii, lakini kamwe asifungiwe ndani peke yake.

Kati ya kubaki na kuhama kuna nafasi pana. Kaka anaweza kuja Tabata akae wiki tatu, asimame yeye mlangoni magharibi. Sisemi hivyo kwa kumkomoa, ataelewa mengi ambayo simu haisemi. Mnaweza kumpeleka Lushoto kwa majaribio, wewe ukiwepo siku za mwanzo. Au ndugu mtu mzima anayeongea Kisambaa aje akae nanyi kwa malipo. Mtu mzima nimesema, tafadhali, siyo binti wa kutolewa shule. Watoto wote wa mama mnaweza kuchangia: asiyeweza kuja atume, asiyeweza kutuma apige simu. Kila njia hapa ina jambo la kupoteza, na nyinyi mnaijua familia yenu kuliko mimi.

Ule mkono ulioushika kwa nguvu umeniambia umechoka kufika ukingoni. Hukuuficha, na hilo naliheshimu. Siku nyingine ukihisi joto linapanda, hakikisha amekaa salama, toka nje, vuta pumzi, rudi. Ikizidi kutokea, mwambie mtu siku hiyo hiyo, asibaki mama peke yake na uchovu wako. Na mumeo, jaribu kumuuliza anachelewa wapi, kwa sauti ya kutaka kujua. Wanaume wengi hukimbia wasichojua kukitibu. Mpe jambo moja liwe lake, mathalani kumtembeza mama asubuhi kabla hajaenda kazini.

Sasa lile swali lako. Umeandika kwamba hakujui, kisha katika mstari unaofuata ukaandika kwamba alivua khanga yake akakufuta kichwa. Nimerudi pale mara kadhaa. Jina lako lilikuwa limempotea jioni ile. Alikuita mtoto wa mtu asiyemjua. Lakini ulipolowa, aliyesimama ni nani? Na anapokuita kwa jina la dada yake, hebu mwulize kaka yako dada huyo alikuwa nani kwake. Kama ndiye aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, basi amekuweka kwenye nafasi ya mtu aliyempenda kuliko wote aliobaki nao kichwani. Sikwambii usihuzunike. Unamlilia mtu ambaye bado unampikia uji, na kilio hicho hakina tanga wala watu wa kuja kukupa pole. Mimi nakupa pole.

Niandikie mkishatoka hospitali. Na akikutajia jina la yule ng'ombe, niandikie na hilo pia.